Alinifokea mbele ya kaburi la Vasco da Gama

Shangazi, shikamoo.

Nimeolewa miaka 12. Mume wangu ni baharia, fundi wa mitambo kwenye meli za mizigo. Katika mwaka tunakaa pamoja miezi minne, ikizidi sana mitano. Watoto wetu wawili wameijua sauti ya baba yao kwenye simu kabla ya kuijua sura yake. Silalamiki, nilijua naolewa na nani.

Safari hii mkataba wake uliisha meli ikiwa Lisbon, Ureno. Akanipigia, akasema nisimngoje nyumbani, nimfuate huko tutembee siku moja kisha turudi pamoja. Tulikuwa tumeweka pesa za kununua kishamba. Tukakubaliana zitumike kidogo. Nilihangaika na viza wiki tano, nikawapeleka watoto kwa mamangu Malindi, nikapanda ndege. Siku moja tu, Shangazi, na niliiandaa kama harusi. Niliandika kwenye simu mahali saba pa kwenda na saa ya kufika kila pahali.

Asubuhi ilianza vizuri mno. Tuliingia mkahawa mdogo karibu na Praça do Comércio, ule uwanja mpana unaotazama mto Tejo. Mhudumu akatuelekeza pa kukaa akisema "mesa". Mume wangu alicheka hadi akashika mbavu. "Umesikia? Meza! Kumbe hawa ndio wenye meza!" Akaanza kunihesabia vidoleni maneno tuliyoyapata kwao: bendera, karata, kopo, leso. Akasema kila mtambo anaoufungua kule chini melini umeshikwa na neno la Kireno, parafujo. Nilikuwa nimemfuata mtu huyo hasa.

Tukapanda tramu nambari 15 hadi Belém, kwenye kanisa la Jerónimos. Kuingia kanisani hatukulipa, ila foleni ilikuwa ndefu. Ukivuka mlango tu, mkono wa kushoto, kuna kaburi la Vasco da Gama, yule baharia wa Kireno. Ni jiwe jeupe, sanamu yake imelala chali na viganja vimekutana kifuani kama mtu anayeomba, na ubavuni mwa kaburi pamechongwa merikebu. Mume wangu akasimama. Dakika tano, kumi, nusu saa. Watu wanakuja, wanapiga picha, wanaondoka, yeye yuko palepale. Niliona kidole chake kikifuata kamba za ile merikebu hewani, bila kuligusa jiwe.

Mimi natazama saa. Nikamwambia, "Babake, nipige picha moja hapa tuondoke, tutachelewa." Nikasimama kando ya kaburi nikajitengeneza mtandio, nikatabasamu. Akanigeukia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu anioe: "Wapiga picha na huyu? Wamchekea? Lakini si ajabu, nyinyi wa Malindi ndio mliompokea!"

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, Shangazi. Yeye kazaliwa Mji wa Kale, Mombasa, hatua chache kutoka Ngomeni, ile Fort Jesus ya Wareno. Utani wa Mombasa na Malindi tumetaniana tangu uchumba, lakini siku hiyo hakuwa anatania. Watu waligeuka kututazama. Mlinzi mmoja mzee akaweka kidole mdomoni kutunyamazisha. Nilitoka nje machozi yakinilengalenga.

Siku iliyobaki ilikufa pale. Tulikwenda kwenye vile vikeki vya mayai vinavyookwa jirani hapo tangu 1837. Hakula hata kimoja. Tukapiga foleni ya tramu ya 28 pale Martim Moniz zaidi ya saa nzima, juani, bega kwa bega kama watu wasiojuana. Huko mtaa wa Alfama niliona dukani kitambaa cheupe kimetariziwa maua na ndege na maandishi ya rangi. Muuza duka akaniambia kinaitwa "lenço", kwamba zamani wasichana waliwatarizia wapenzi wao, na kwamba maneno yake yanaiagiza barua iruke kwa mbawa za ndege, ikimwona mpenzi imkumbatie. Nilimwita mume wangu aje aone. Akasema "nunua ukitaka," akatoka nje. Nikanunua mwenyewe. Jioni alirudi hotelini, mimi nikapanda hadi kilima cha Senhora do Monte nikatazama jua likizama, peke yangu, wengine wote wawili wawili.

Sasa ni wiki ya tatu tangu turudi. Tunazungumza karo na maji ya mfereji, basi. Kitambaa kiko chini ya sanduku. Wifi yangu anapita akisema pesa za shamba zimeliwa Ulaya na hata picha hakuna. Baada ya siku 10 anarudi melini kwa miezi saba. Je, mume wangu amenichoka? Na mimi nilikosa nini kutaka picha moja? Naogopa aondoke hivi.

Mke wa Baharia, Mombasa


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilivua miwani.

Hajakuchoka. Mwanamume aliyemchoka mkewe, mkataba ukiisha ugenini, hamwiti amfuate. Hutafuta kisingizio, akapanda ndege ya kwanza, akafika nyumbani akalala. Huyu alitoka kwenye joto na kelele za chumba cha mitambo, na siku yake ya kwanza ya uhuru akataka uwe ubavuni pake. Ule mchezo wake wa meza na parafujo ulikuwa kukuingiza katika dunia anayokwenda kila mara akikuacha nyuma. Likamate hilo kwanza.

Lakini alikukosea, na nataka niseme hivyo kabla sijamtetea kwa lolote. Mke hafokewi mbele za watu. Na kwenu hakufanywi jiwe la kukupiga nalo. Neno lile la Malindi linahitaji kuombwa radhi kwa mdomo wake, na siku 10 zinatosha.

Sasa nikwambie ninachodhani alikiona pale. Vasco da Gama aliondoka Belém hapo hapo mliposimama, Julai 1497. Aprili 1498 akatia nanga Mombasa. Pande zote mbili zikatiliana shaka, akang'oa. Malindi ikampokea na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut, Bara Hindi. Mambo hayakuishia kwenye salamu. 1502 alirudi na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. 1505 akaja Mreno mwingine, Francisco de Almeida, na jeshi kubwa zaidi, akaipiga Kilwa, kisha akaja kuichoma Mombasa. Ngome mnayoiona ikaanza kujengwa 1593. Mtoto aliyezaliwa chini ya ukuta ule hahitaji kitabu kuyajua haya, huyasikia barazani kabla hajajua kuvaa viatu. Halafu siku moja anaingia kanisani ugenini, na yule mtu wa hadithi amelala mbele yake, viganja vimekutana, uso umetulia.

Na mume wako ni baharia. Hilo ndilo lililonishika zaidi katika barua yako, kile kidole kilichofuata kamba hewani. Kama ingekuwa chuki tupu angetema mate chini akatoka. Alikuwa anaisoma ile merikebu kama fundi, anajua ni miezi mingapi, ni maji ya kunywa mangapi, ni watu wangapi hawakurudi. Kichwani mwake kulikuwa na watu wawili wanaogombana, mtoto wa Mji wa Kale na mtu wa meli. Ukamgusa bega katikati ya ugomvi huo, na kofi likakupata wewe.

Namwelewa kwa sababu limenitokea. Katika mji huo huo, mtaa wa Janelas Verdes, kuna jumba la makumbusho lenye chombo cha ibada cha dhahabu kilichomalizwa 1506. Mitume 12 wamepiga magoti ndani yake, wadogo, wamepakwa rangi zinazong'aa kama jana. Kitakoni kimeandikwa kwamba mfalme Manuel alikitengenezesha kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la Kilwa lipo pale, limechongwa. Nilikuwa na dada yangu, miguu yake imevimba, ananivuta mkono kwamba kumekuchwa na hatujala. Nilimjibu vibaya sana. Yeye hakujua ninasoma nini, nami sikumwambia, nikamwadhibu kwa kutokujua.

Hapo ndipo nakuja kwako, na uniwie radhi. Katika barua yako nzima nimetafuta mahali ulipomuuliza, "Waona nini?" Sikupaona. Nusu saa mtu wako wa miaka 12 kasimama kama mti, na wewe ukatazama saa. Naelewa kwa nini. Ulikuwa na mahali saba kwenye simu, na siku moja tu baada ya miezi ya kulala peke yako, na kila dakika pale ilikuwa inakatwa kwenye fungu lako. Picha ile hukuitaka kwa ajili ya kaburi. Ulitaka ushahidi kwamba mlikuwa pamoja. Ila yeye hakuyajua hayo pia, kwa sababu nawe hukuyasema.

Mahali saba Lisbon kwa siku moja ni mengi hata kwa vijana. Mji ule ni vilima na mawe laini yanayoteleza, na tramu ya 28 hugeuka kuwa kazi ya kusimama. Wasomaji wengine mnaopanga safari ya namna hiyo, chukueni ushauri wa mtu aliyekwisha choka huko: asubuhi Belém peke yake, mchana mkale mitaa ya Mouraria na Martim Moniz ambako migahawa ya halali ni mingi, mlale saa moja, jioni sehemu moja ya kukaa. Anayetaka kuswali Ijumaa, msikiti mkuu wa Lisbon uko karibu na Praça de Espanha, umefunguliwa tangu 1985, na wengi wa waumini walioujenga walitoka Msumbiji. Na kama mna wazimu wa kupanda chombo, iacheni tramu ya 28, nendeni Cais do Sodré mpande feri ya kuvuka kwenda Cacilhas. Ni dakika chache, watu wanatoka kazini na vikapu vyao. Mtu wa Likoni atajiona yuko nyumbani, na mji wote utauona umekaa juu ya vilima, umepakwa jua la magharibi. Huko, mwanangu, ndiko ningewapeleka nyinyi wawili.

Turudi kwenye lile neno la Malindi, maana najua bado linachoma. Malindi haikumpokea mgeni kwa ajili ya kumsaliti ndugu. Miji ile miwili ilikuwa mahasimu wa biashara tangu zamani, na mnyonge wa wakati huo akaona amepata rafiki mwenye mizinga. Haikumfaa. Wareno walipohamia Mombasa walimhamisha na mtawala wa Malindi, na mji wenu ukadidimia. Kisha yupo Yusuf bin Hassan. Alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Malindi, baba yake aliuawa kwa njama za Wareno, naye akapelekwa Goa, Bara Hindi, akiwa mdogo, akabatizwa jina la Jerónimo, sawasawa na jina la kanisa mlilosimama ndani yake. Wakamrudisha Mombasa wakidhani wamepata mtu wao. Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaiteka. Mtu wa Malindi! Mwambie mumeo habari hii siku mtakapokuwa mmekwisha cheka tena. Ukimwambia kabla ya hapo itakuwa jiwe lako nawe la kumrudishia.

Sasa la kufanya. Usingoje usiku, kitandani watu husema kwa uchovu na kusikia nusu. Mchukue asubuhi watoto wakishakwenda shule, chai ikiwa mezani. Anza na kidonda chako, kwa maneno machache: "Siku ile kanisani ulinivunjia heshima mbele za watu, na ukawatia wazee wangu ndani. Limeniuma na bado laniuma." Kisha nyamaza. Usijaze kimya kwa kumtetea, wala usianze kulia kabla hajajibu. Mwanamume wa bahari huchelewa kuzungumza, kazi yake ni kusikiliza mtambo kwanza. Mpe muda. Akisema "nisamehe," likubali kama lilivyo, hata likiwa fupi. Asiposema siku hiyo, rudia kesho yake, kwa sauti ile ile.

Baada ya hapo muulize lile swali ulilokosa kuuliza. Aliona nini pale? Usimkatize hata akizungumza habari za kamba na matanga nusu saa nzima. Nawe mwambie kuhusu Senhora do Monte, jua linazama na mwenzio hayupo. Sidhani anajua ulikwenda kukaa wapi jioni ile.

Wifi yako usimtie ndani. Pesa za shamba mliafikiana wawili kuzitumia, na wewe na mumeo ndio mtakaoweka nyingine. Akirudia maneno yale mbele yako, mwambie kwa adabu akamuulize kaka yake.

Kuna jambo moja linanifanya niwe na matumaini makubwa, nalo liko chini ya sanduku. Hiyo lenço uliyonunua ndiyo mama wa neno letu, leso. Kule kaskazini ya Ureno, jimbo la Minho, msichana alitarizi kitambaa kwa mkono wake, akaandika maneno kama anavyoyatamka, makosa ya herufi ndani yake, akampa kijana anayempenda. Kijana akikivaa hadharani, mji mzima ulijua amekubali. Sisi tuna jina la leso, tunasema kwa nguo yale ambayo mdomo hauwezi kuyabeba. Wewe umezaliwa katika desturi hiyo. Uliingia duka la watu usiojua lugha yao, na katika vitu vyote ukaokota kitambaa kinachosema. Ulimwita aje akisome, na ukaumia alipotoka nje. Basi bado hakijasomwa.

Siku mbili tatu kabla hajasafiri, wapeleke watoto kwa jirani, nenda naye Ngomeni. Mumeo amezaliwa karibu nayo, na nina hakika miaka mingi hamjaingia pamoja. Mkipita langoni mkumbushe kwamba neno gereza limetoka kwa "igreja", yaani kanisa kwa Kireno, na kwamba ngome hiyo ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Atalipenda hilo, mtu wa parafujo. Kisha mtafute kipande cha ukuta kilichohifadhiwa ndani, chenye michoro ya mkaa na udongo mwekundu iliyochorwa na Wareno waliowekwa pale. Wamechora meli, meli nyingi, na samaki, na watu. Walikuwa wanaume walio mbali na kwao, wamekaa miezi hawajui wataondoka lini, wakachora chombo cha kuwarudisha. Sijui kama kuna mtu Mombasa nzima atakayeielewa michoro ile kuliko mumeo.

Simama naye hapo kadiri atakavyotaka kusimama. Leso uwe nayo mkobani, na simu uiache nyumbani.